Usihukumu rangi kwa mwangaza wa taa
Masomo: 1 Wakorinto 4:5, Zaburi 139:12



Mama aliyenunua kikwembe magaribi analijua neno hili. Chini ya taa ya sokoni alikiona cheusi. Asubuhi anakitoa nje, kumbe ni cha buluu! Kikwembe hakikugeuka. Taa ndiyo ilimdanganya.

Kulikuwa mchoraji wa Uholanzi, Vincent van Gogh, mtoto wa mchungaji. Mbele ya kuwa mchoraji alihubiri Injili kwa wachimba makaa ya mawe kule Borinage, Ubelgiji. Mwezi wa 9 mwaka 1888, katika mji wa Arles, Ufaransa, alisimama barabarani usiku, akachora nyumba ya kunywea kahawa iliyowashwa taa ya gesi. Desturi ilikuwa kuchora usiku baadaye, mchana, nyumbani. Yeye alitaka kuona kwa macho yake. Tena hakutumia rangi nyeusi: anga aliipaka buluu, ukuta manjano, na mawe ya barabara yakapata zambarau.

Lakini alimwandikia dada yake, akikubali kwamba gizani anaweza kuchukua buluu akizani ni kijani. Mwangaza wa gesi ni wa manjano, na buluu inafifia ndani yake. Fundi wa rangi alikubali kwamba usiku unaweza kumkosesha. Sisi je?

Nitasema kosa langu. Usiku mmoja, mimi na wazee tulikutana kwa ajili ya ndugu aliyetunza sadaka. Feza zilipunguka. Tulikuwa na hasira, na hasira nayo ni taa yenye rangi yake. Tulimwondoa usiku ule ule. Asubuhi ilionekana karatasi: feza zilinunua dawa za mjane, kwa ruhusa yangu mwenyewe! Nilikuwa nimesahau. Nilikwenda kumwomba musamaha, naye akanisamehe. Lakini watoto wake walikwisha kusikia baba yao akiitwa mwizi. Mpaka leo hawajarudi kanisani.

Wandugu, Paulo anatuonya tusihukumu mbele ya wakati, kwa sababu Bwana mwenyewe ataleta nje mambo yaliyofichwa gizani. Mbele ya kumfukuza bibi yako, mbele ya kumwita mtoto mchawi katika maombi ya usiku, simama! Woga ni taa. Wivu ni taa. Maneno ya jirani ni taa. Peleka neno lako mchana: uliza, hesabu, sikiliza pande mbili, fungua Biblia. Mtoto huyo akifukuzwa usiku, atalala wapi?

Zaburi inatuonyesha kwamba giza halimfichi Mungu kitu. Yeye peke yake anaona rangi ya kweli ya kila moyo, saa sita ya usiku kama saa sita ya mchana. Tumwombe macho yake.

Bwana awabariki. Amina.