Bata wa Siku 35
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama)



Leo tunasemea yule bata mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele. Wafaransa wanamwita bata wa Barbarie, lakini asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Dume akikomaa anaweza kupita kilo 4. Jike ni karibu nusu yake. Mayai yake kwa mwaka ni machache kuliko ya kuku wa kizungu. Faida yake ni nyama, na ule moyo wa jike wa kulalia mayai na kulea mwenyewe, bila mashini.

Wengi wetu tulirudi toka kambini mikono mitupu. Ndiyo maana tunaomba sana: msivunje kiota mbele ya siku 35! Kuku anatotoa siku ya 21, bata wengine siku ya 28. Huyu wetu anangoja 35. Watu wanahesabuka kama kuku, wanasema mayai yameoza, wanayatupa. Na jike analalia mayai 8 mpaka 15: ni hasara kubwa.

Ukiwa na mashaka, subiri siku 10, kisha usiku shika yai mbele ya tochi. Likiwa na mishipa ya damu, lirudishe pole pole. Likipitisha mwangaza wote, halina mtoto. Toa hilo tu.

Ziwa halihitaji. Beseni ya maji ya kuzamisha kichwa inatosha, lakini vifaranga vidogo vikae pakavu. Kata manyoya ya bawa moja, juu anaruka. Asilale pamoja na kuku: kideri mara nyingi haimwui, lakini anaweza kuibeba.

Tena, msimchanganye na bata wa aina ingine. Watoto wao wananenepa vizuri, lakini hawazai. Jike wa namna ile hatumpokei kama malipo ya deni.

Mnajua kanuni yetu: kila familia iliyopewa bata inarudisha majike wawili kwa familia inayofuata. Wanaongoja bado ni wengi. Yai linalotupwa siku ya 30 huenda ni la jirani yako.