Haki ya Mwili katika Chakula
Twataka leo kusema juu ya sahani zetu. Shirika la Afya Duniani lahimiza mtu ale kila siku angalau gramu 400 za matunda na mboga, pasipo kuhesabu muhogo wala viazi. Wapo wanaodai kuwa haya ni mambo ya kizungu. Kwani hawaisomi Sura ya Abasa, ambamo mwanadamu huamrishwa akitazame chakula chake, kisha zikatajwa zabibu, mboga, mizeituni na mitende?

Nasi tumeona nyumba ambamo maembe na mchicha wa shambani huuzwa wote asubuhi, na jioni fedha ile ile ikanunua soda. Auzaye kwa dhiki hatumlaumu. Mwenye uwezo na awabakishie watoto fungu moja kabla gari la sokoni halijafika.