Misuli Inyoshayo Vidole



Mtu akisifiwa kwa nguvu za mkono, watu hutazama ngumi yake. Leo natuitazame misuli iliyo nyuma ya kigasha, yaani baina ya kisugudi na kifundo cha mkono, maana ndiyo inyoshayo vidole na kuinua kiganja.

Weka mkono mezani, kiganja chini, uinue vidole kimoja kimoja. Utaona nyuzi ngumu zikicheza chini ya ngozi. Hizo ni kano. Misuli yenyewe i mbali nazo, na mingi yake imeshikamana na kinundu cha mfupa kilicho upande wa nje wa kisugudi. Ndiyo sababu mpiga nyundo huumwa kisugudini, ingawa nyundo i kiganjani.

Wengi hudhani kwamba misuli hii haina kazi katika kushika. Sivyo. Shika kalamu huku umekikunja kiganja kabisa kuelekea ndani. Mwenzio ataichomoa bila taabu. Kiinue kiganja kidogo, naye hataiweza upesi. Basi vidole hulikaza jembe kwa misuli ya mbele, lakini ile ya nyuma ikilegea, hata jembe halishikiki.

Mshipa wa fahamu uiamrishao misuli hii huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Mfupa huo ukivunjika, mshipa waweza kuumia, kiganja kikaning'inia. Mlevi aliyelala ameegemeza mkono juu ya mgongo wa kiti huweza kuamka na hali hiyo hiyo!

Lakini adui mkubwa shambani ni panga. Mgongoni mwa mkono kano zi karibu sana na ngozi, hata jeraha dogo laweza kukata kano nzima. Wala usidanganyike ukiona kidole chainuka kidogo: kano hizo zimeungana kwa vifungo, na jirani huweza kumwinua mwenzake aliyekatika. Funga ngumi ujaribu kuinua kidole cha pete peke yake; utaona kilivyofungwa. Cha shahada huinuka, kwa kuwa kina kano ya ziada.

Basi osha jeraha kwa maji safi, likandamize kwa kitambaa safi, funga mkono juu ya kibao vidole vikiwa vimenyoka, uende hospitali siku ile ile. Usitie udongo wala mavi ya ng'ombe, visije vikaleta pepopunda. Daktari huziunga ncha za kano kwa uzi. Ukikawia, ncha hujivuta zikashikwa na kovu, na kuziunga huwa kazi ngumu. Kisha mkono hufungwa kwa majuma kadhaa, na jembe lisishikwe mpaka daktari aruhusu.