Bandama ya Mtoto Isiondolewe Bila Sababu



Katika maadhimisho ya mandir, msemaji hutarajiwa kueleza habari za matofali na saruji, nani alichanga nini na jengo lilisimama vipi. Hayo wenzetu wameyaeleza vizuri. Sisi tumeomba nafasi ya kusimulia kosa letu wenyewe, ili lisirudiwe katika nyumba nyingine.

Mbele ya duka letu yuko mama auzaye maandazi. Binti yake alikuwa na umri wa miaka minane alipoanza kulalamika kwamba tumbo limejaa kabla hajamaliza andazi moja. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa pamevimba. Mama yake alituuliza sisi, kwa kuwa sisi ni wazee. Tulimjibu bila kusita: "Mama, hiyo ni bandama ya malaria, itapungua." Tukampa fedha za dawa, tukajiona tumetenda wema. Mwaka ukapita. Homa hakuwa nayo, lakini uvimbe ulizidi. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyempapasa, akaagiza apelekwe kupigwa picha ya ultrasaundi. Picha ikaonyesha kifuko kilichojaa maji ndani ya bandama, kikubwa kuliko chungwa.

Ni kweli kwamba malaria ya mara kwa mara hukuza bandama, na kichocho vilevile. Lakini mambo yanayofanana kwa kupapasa hayafanani kwa picha, na kifuko cha maji hakiponi kwa vidonge vya malaria. Vifuko hivyo si vya namna moja. Mtoto huweza kuzaliwa nacho. Huweza pia kukipata baada ya kuanguka au kugongwa ubavuni, damu ikavia ndani ya bandama na baadaye kugeuka maji. Aina ya tatu hutokana na mayai ya tegu wa mbwa, ugonjwa uliojulikana sana miongoni mwa wafugaji wa Turkana, nchini Kenya. Kifuko cha tegu kina hatari ya pekee: kikipasuka, maji yake huweza kusambaza ugonjwa tumboni na kumwangusha mgonjwa kwa mzio mkali. Kwa hiyo daktari hutaka kujua aina yake kabla ya kushika kisu.

Sisi si madaktari. Masomo yetu yaliishia sekondari. Tunayosema tumeyasikia kwa daktari wa upasuaji aliyemtibu binti huyo, naye alituvumilia kwa maswali mengi. Alitueleza kwamba kifuko kidogo kisicholeta maumivu huweza kuachwa na kuangaliwa kwa picha mara kwa mara. Kikifikia kiasi cha sentimita 5 au zaidi, au kikileta maumivu, upasuaji hufikiriwa, kwa sababu huweza kupasuka, kutoa damu au kuingia usaha. Kunyonya maji kwa sindano peke yake mara nyingi hakusaidii, maana hujaa tena.

Zamani jibu lilikuwa moja: kuiondoa bandama yote. Lakini mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, waliandika habari za watoto wachanga waliopatwa na maambukizi makali baada ya kuondolewa bandama. Tangu hapo ilizidi kueleweka kwamba kiungo hiki huchuja damu na kukamata vijidudu, hasa vile vya homa ya mapafu na uti wa mgongo. Kwa hiyo siku hizi, inapowezekana, daktari hukata sehemu yenye kifuko na kuacha iliyo nzima, au huondoa ukuta wa juu wa kifuko, ingawa njia hii ya pili huweza kuruhusu kifuko kurudi. Sisi wauza saruji tulimwelewa upesi: fundi mzuri habomoi nyumba kwa ufa wa chumba kimoja.

Hata hivyo, ziko nyakati ambapo bandama yote haina budi kutoka, kwa mfano kifuko kinapoimeza karibu yote au damu inapokataa kusimama. Hapo kazi ya wazazi ndiyo huanza. Mtoto apewe chanjo zinazohitajika, ikiwezekana angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Atumie dawa ya kinga kama alivyoandikiwa. Alale ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria humwelemea zaidi asiye na bandama. Na akipata homa, hata usiku wa manane, apelekwe hospitali saa ileile, asisubiri asubuhi.

Binti wa jirani yetu aliondolewa kifuko pamoja na kipande cha bandama, na sehemu kubwa ikabaki. Leo anakula maandazi hata yale ya kuuzwa, na mama yake analalamika. Lakini ule mwaka mmoja tuliompotezea hatuwezi kumrudishia.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mtoto mwenye uvimbe chini ya mbavu za kushoto asikandwe tumbo wala asichanjwe chale. Apelekwe zahanati, na wazazi waulize kuhusu picha. Upasuaji ukitajwa, waulize pia: "Je, sehemu ya bandama inaweza kubaki?" Daktari hachukizwi na swali hilo. Pili, tunapendekeza kwamba sehemu ya michango ya maadhimisho haya itengwe kwa ajili ya nauli na gharama za picha za watoto wa Mbangala wasio na uwezo, bila kuulizwa dini zao. Seva isiyovuka kizingiti cha mandir haijakamilika. Sisi tutaanza kuchangia leo, kabla ya kuondoka hapa.