Kuchungulia figo si kupasuliwa

Juma hili ninayo barua ya mama mmoja wa Temeke. Anasema mume wake, mtu wa miaka hamsini na kitu, alianza kukojoa damu. Hakuumwa popote. Ikaendelea siku tatu, ikakoma yenyewe, naye akatangaza kwamba amepona. Mama anamwambia waende hospitali, bwana anakataa katakata. Sababu yake ni moja tu: kaka yake alitolewa jiwe la figo mwaka 1986, na kovu lake linaanzia mgongoni likaja mpaka karibu na kitovu. "Mimi sikatwi kama nguru sokoni," ndivyo anavyosema bwana huyo.

Simcheki. Mwenyezi Mungu ameziweka figo mahali pagumu kwa mpasuaji: nyuma kabisa, huku na huku ya uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, kama ngumi ya mtu mzima, na ile ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ya ini. Zamani, ili mkono wa daktari ufike huko, ilibidi ubavu uchanwe kwa urefu wa shubiri na zaidi, misuli ikatwe, na mara nyingine kipande cha mfupa wa ubavu kiondolewe. Jiwe lenyewe pengine lilikuwa kama punje ya mahindi. Kilichomlaza mgonjwa majuma kadhaa ni njia ya kulifikia. Kwa hiyo hofu ya bwana huyu ina asili yake. Alipokosea ni kudhani kwamba kupimwa figo ndiko kupasuliwa figo.

Kipimo cha kwanza cha figo hakimgusi hata mtu. Ni kikopo cha mkojo. Kijiti chenye viraka vya rangi huchovywa humo, na baada ya dakika moja au mbili kinaonyesha kama kuna damu isiyoonekana kwa macho, au protini inayovuja. Figo ni chujio. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kwa siku moja figo zote mbili huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, kisha hurudisha karibu yote mwilini, ikabaki lita moja au mbili ya kukojoa. Protini ikianza kupita, ujue chekeche limetoboka. Mwenyewe husikii kitu. Ugonjwa wa figo unaoletwa na kisukari au shinikizo la damu hukaa miaka bila maumivu, na hapo ndipo unapotuponza sisi tuliozoea kusubiri mpaka tuumwe.

Mama anaandika pia kwamba mume wake amekulia Usukumani, akiogelea madimbwini na kwenye majaruba ya mpunga. Basi mkojo wake utazamwe pia kwa darubini, kwani huenda ni kichocho. Minyoo hii ilitambuliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akiwa Cairo mwaka 1851. Mayai yake yana mwiba, nayo huharibu ukuta wa kibofu na ncha za chini za mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mrija ukisinyaa, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba polepole. Mkojo wa kutafuta mayai hayo hutolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndio wakati yanapotoka kwa wingi. Ule wa alfajiri, ambao wengi wetu hubeba kwa bidii kutoka nyumbani, unaweza usionyeshe kitu.

Baada ya mkojo ni damu kidogo ya mkononi, kupima kreatinini. Ni kipimo kizuri, ila kina udhaifu wake: kinaweza kusoma sawasawa mpaka karibu nusu ya kazi ya figo iwe imepotea. Ndiyo maana hakitoshi peke yake.

Kisha kuna altrasaundi, mashine ile ile inayowaonyesha kina mama watoto tumboni. Ni sauti tu, haina mionzi wala haiumi. Inaonyesha figo iliyonywea, iliyovimba, yenye uvimbe au yenye jiwe la kutosha ukubwa. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, huona mawe mengi lakini si yote. Ikaja dawa ya rangi ya kudunga mshipani, aliyoitangaza Moses Swick mwaka 1929, na njia yote ya mkojo ikaonekana kwenye picha. Siku hizi sitiskani imezipita zote hizo kwa kuona mawe na uvimbe. Wenye fedha zao huikimbilia kabla hawajatoa hata kikopo cha mkojo. Huko ni kununua mabati kabla ya kiwanja. Tena ile dawa ya rangi yaweza kuitesa figo ambayo tayari ni dhaifu, kwa hiyo kreatinini itangulie.

Hapa sitamficha bwana huyo. Damu isiyo na maumivu, kwa mtu wa umri wake, yaweza kuwa saratani ya kibofu au ya figo, na kichocho cha miaka mingi ni mojawapo ya mambo yanayoleta saratani ya kibofu. Damu ya namna hiyo ina tabia ya kuja na kukoma. Kukoma si kupona. Kwa hiyo hata mayai yakionekana na dawa ikatolewa, asishangae daktari akitaka kuchungulia ndani ya kibofu. Hupita katika njia ile ile ya mkojo, kwa mrija wenye taa. Maximilian Nitze alionyesha chombo hicho mwaka 1877, taa yake ikiwa waya wa platinamu uliopozwa kwa maji. Cha leo kiko chembamba, na kuna vinavyopinda vikapanda mpaka ndani ya figo na kuvunja jiwe kwa mwanga wa leza. Hakuna kisu kilichopita hapo.

Wengine huhitaji sindano. Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen walieleza mwaka 1951 jinsi ya kunyofoa kinyama cha figo kwa sindano kupitia mgongoni. Leo hufanywa kwa ganzi, altrasaundi ikielekeza, na mgonjwa huambiwa abane pumzi kwa kuwa figo hucheza na pumzi. Hatari yake ni kutoka damu, ndiyo maana hulazwa chali saa kadhaa akiangaliwa.

Na ikifika kwenye upasuaji wenyewe? Mwaka 1976 Fernström na Johansson, huko Sweden, walieleza namna ya kutoa mawe kwa tundu moja la mgongoni. Mwaka 1980, Munich, mawe yalianza kupondwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili. Mwaka 1990, mjini St. Louis, Marekani, Ralph Clayman na wenzake walimtoa figo bibi wa miaka 85 kwa matundu madogo: tumbo lilijazwa hewa, kamera ikaingia, figo ikatiwa mfukoni mle mle, ikasagwa na kuvutwa nje. Iliwachukua karibu saa saba. Wazungu hufananisha kazi hiyo na kuchungulia kwenye tundu la kitasa. Mwaka 1995, Baltimore, njia hiyo ikatumika kumtoa figo mtu mzima wa afya anayemchangia ndugu yake.

Si kila hospitali yetu ina vyombo hivyo, wala si kila figo hutolewa kwa tundu. Uvimbe mkubwa au damu isiyozuilika humrudisha daktari kwenye kisu cha zamani, na mgonjwa huambiwa hivyo kabla ya nusu kaputi.

Mama, umeniuliza umshawishi vipi. Mwambie siku ya kwanza ataombwa mkojo na damu, na pengine kulala kitandani apakwe ute wa baridi wa altrasaundi. Neno upasuaji likitajwa baadaye, aulize ni kwa matundu au kwa kuchanwa, na kwa nini. Akisitasita bado, afuatane na yule kaka yake mwenye kovu, ambaye kwa maelezo yako yu hai na anaendesha daladala. Wafike saa 4.

Hadi juma lijalo, kwaherini.