Dhoruba za Mtumba

Ni saa 2 usiku, mwezi Julai, mjini Phoenix, Arizona. Jua limezama na joto bado linakaribia nyuzi 40. Juu ya mji hakuna wingu. Upande wa mashariki, milimani, umeme unamulika bila sauti, na mwenyeji anayeujua msimu anaanza kuingiza ndani viti vya uani.

Dhoruba za usiku za jangwa la Arizona ni za mtumba: mlima umezivaa kwanza. Flagstaff, iliyo mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hupigwa na radi tangu alasiri. Phoenix, iliyo bondeni, hungoja. Mvua ikimwagika mlimani, sehemu yake hukauka hewani kabla ya kugusa ardhi. Hewa iliyopozwa hivyo huwa nzito, huporomoka, kisha hutambaa kwa kasi kuelekea jangwani. Ikikuta hewa yenye mvuke kutoka Ghuba ya California, huinua mvuke huo juu, na dhoruba nyingine huzaliwa mbali kabisa na mama yake. Pepo mbili za namna hiyo zikigongana, usingizi umeisha.

Mtabiri naye hana raha. Puto la vipimo hurushwa mjini Tucson alfajiri na jioni. Yanayotokea katikati huyakisia. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini hutulia, na kwa hesabu ya haraka radi ilipaswa kulala. Kumbe tabaka lililo juu kidogo bado lina joto na unyevu, linasubiri kusukumwa tu. Basi jicho hubaki kwenye rada, likitafuta uzi mwembamba usio wa mvua: ni vumbi na wadudu waliozolewa na upepo unaokuja.

Jioni ya tarehe 5 Julai 2011, upepo wa dhoruba zilizoanzia pande za Tucson uliingia Phoenix ukisukuma ukuta wa vumbi wenye kimo cha mita 1,500 hivi. Watabiri waliuita habubu, neno la Kiarabu linalotumika Sudan, na wapo wakazi waliowaandikia wahariri wakilalamika: hapa ni Arizona, si Uarabuni! Malalamiko ya ajabu, kwani hata monsuni wanayoisubiri kila mwaka asili yake ni Kiarabu, mawsim, shina lile lile lililowapa Waswahili msimu.

Tangu 2008 msimu wa monsuni umepangwa kwa kalenda, kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Zamani Phoenix ilihesabu siku 3 mfululizo ambazo wastani wa kiwango cha umande ulifika nyuzi 13, kanuni iliyomfaa zaidi mchambuzi, maana radi hula mvuke, haili tarehe. Mwaka 2023 tarehe zote zilipita na mji ukaambulia milimita 3.8, kiasi kidogo kuliko msimu wowote katika kumbukumbu zake. Kinyume chake, tarehe 8 Septemba 2014, unyevu wa masalia ya kimbunga Norbert ulileta milimita 84 kwa siku moja. Kulipopambazuka, magari yalikuwa yamezama kwenye barabara kuu ya I-10.

Gizani, korongo kavu lililojaa ghafla halionyeshi kina chake. Arizona ina sheria ya mwaka 1995, ambayo watu huiita sheria ya dereva mpumbavu: anayepita kizuizi, akaingia majini na kukwama, anaweza kudaiwa gharama za kuokolewa, hadi dola 2,000.