Mapigo ya Kalsiamu Ndani ya Seli ya Ini



Mtu akishtuka, adrenalini hulifikia ini na ini likamwaga sukari katika damu. Lakini adrenalini yenyewe haiingii ndani ya seli. Huishia nje, kwenye kipokezi kilicho juu ya utando. Nani basi huifikisha habari ndani?

Earl Sutherland, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1971, alijibu kwamba yuko mjumbe wa pili, AMP sikliki. Kwa homoni ya glukagoni jibu hilo lilikidhi. Katika ini la panya dume aliyekomaa lilipwaya: adrenalini, kupitia vipokezi vya alfa-1, ilivunja glikojeni, akiba ya sukari ya ini, bila kumtegemea mjumbe huyo, na homoni ya vasopresini vilevile. Iliyopanda ni kalsiamu.

Mwaka 1983 watafiti Streb, Irvine, Berridge na Schulz, wakitumia seli za kongosho, walimnasa mjumbe mwingine: inositoli trifosfeti, molekuli ndogo inayokatwa na kimeng'enya kutoka katika mafuta ya utando. Huogelea hadi retikulamu ya endoplazimu, ghala la kalsiamu, na kuifungua milango yake. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba ini nalo hufanya hivyo. Mlango mdogo unatosha, kwa kuwa kalsiamu iliyo huru ndani ya seli tulivu ni pungufu mara 10,000 hivi kuliko iliyo nje, na seli haiachi kutumia nishati kuisukuma itoke au irudi ghalani.

Hadi hapo wengi tungeridhika. Mimi naona utamu unaanzia mwaka 1986, pale watafiti Woods, Cuthbertson na Cobbold walipoacha kupima mamilioni ya seli kwa pamoja. Walizidunga seli moja moja za ini la panya kwa akworini, protini ya kiwavi wa baharini inayotoa mwanga ikigusana na kalsiamu. Badala ya mstari uliopanda na kutulia, waliona mapigo. Walipoongeza homoni, kimo cha mapigo hakikubadilika sana. Yalikuja kwa kasi zaidi, kama mgambo unaopigwa harakaharaka bila kupaza sauti. Isitoshe, pigo la vasopresini lilichukua muda mrefu kushuka kuliko la fenilefrini, dawa inayoamsha vipokezi vilevile vya alfa-1. Wastani, kipenzi chetu maabara, ulikuwa umeyafukia yote hayo.

Mapigo hutokana na tabia ya mlango wenyewe: kalsiamu kidogo huufungua zaidi, ikizidi huufunga, kisha pampu hurudisha ghalani iliyomwagika. Anayeyapokea ni fosforilesi kinesi, kimeng'enya chenye kalmodulini, protini inayonasa kalsiamu, ndani ya umbo lake. Kalsiamu humwamsha, naye huamsha fosforilesi inayokata glukosi kutoka kwenye glikojeni. Fosforilesi hupoa polepole kuliko kalsiamu inavyoshuka. Kwa hiyo mapigo yakikaribiana, la pili huikuta bado kazini.